Mtoto na lugha ya pili: tutenganishe maswali matatu tunayoyachanganya

Ukikaa na wazazi wanaofikiria kumwongezea mtoto lugha ya pili utasikia mambo mawili yanayopingana, na mara nyingine yanatoka kwa mtu yule yule. Kwanza utaambiwa mtoto akianza mapema anashika haraka kuliko mtu mzima na juu ya hapo anakuwa na akili kuwazidi wenzake. Halafu baada ya dakika tano utaambiwa usimharakishe, lugha mbili zitamchanganya, atachelewa kuongea na mwishowe hatajua hii wala ile. Mi nimelifuatilia hili jambo kwa muda mrefu kwa sababu linanigusa, na naona ubishi hauishi kwa kuwa tunauliza maswali matatu kwa mpigo tukidhani ni moja: mtoto anajifunza haraka kiasi gani, mtoto anaweza kufika mbali kiasi gani, na je lugha ya pili inamwongezea akili. Majibu yake hayafanani, na mtu akijibu moja wewe unasikia jingine.

Tuanze na masikio maana huko ndo safari inaanzia. Mtoto mchanga hajui atakulia kwenye lugha ipi, kwa hiyo anazaliwa akiwa tayari kwa zote, na anatofautisha sauti ambazo hata wazazi wake hawazisikii. Mwaka 1984 Janet Werker na mwenzake Richard Tees walitoa utafiti waliofanya Canada na watoto wa nyumba zinazoongea Kiingereza. Waliwasikilizisha sauti za Kihindi, zile t mbili ambazo kwa moja ncha ya ulimi inagusa meno na kwa nyingine ulimi unakunjwa kurudi nyuma kidogo, kwa Mhindi hizo ni sauti mbili kabisa kama sisi tunavyotofautisha p na b, ila kwa aliyekulia Kiingereza zote ni t tu. Watoto wa miezi 6 hadi 8 walizitofautisha vizuri. Wa miezi 10 hadi 12 wengi hawakuweza tena. Yaani mtoto hajasema hata neno moja la maana, hajaanza kutembea, na tayari ubongo wake umeshaanza kuchagua sauti zipi zina kazi na zipi ni kelele tu.

Hapo hakuna kilichoharibika. Ubongo unafanya kinachotakiwa, unajiweka sawa na lugha inayomzunguka mtoto, na ndo maana baadaye anaweza kuisikiliza kwa kasi bila kuhangaika. Ila ndo maana pia mtu aliyeanza lugha akiwa na miaka 30 anaweza kujua maneno maelfu, akaandika vizuri kabisa, na bado akifungua mdomo tu watu wanajua hakukulia humo. Mtoto aliyesikia lugha mbili tangu mwanzo anabaki na sauti za zote mbili. Hii ya matamshi kwangu ndo faida iliyo wazi kuliko zote na ndo ngumu kuliko zote kuipata ukubwani.

Sasa wazazi wengi wakisikia hivyo wanakimbilia kuwasha katuni za lugha ya kigeni, na hapa naomba tusimame kidogo. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake kule Marekani walichukua watoto wa miezi 9 kutoka nyumba za Kiingereza, wakawapa vipindi 12 vya Kichina cha Mandarin. Kundi moja lilikaa na mtu mzima aliye hai anayewasomea vitabu na kucheza nao kwa Kichina. Makundi mengine yalipata Kichina hicho hicho, watu hao hao, ila kwa video au kwa sauti peke yake. Walipopimwa, wale waliokaa na mtu walizitofautisha sauti za Kichina vizuri tu, wakati wale wa video na wa sauti tupu walikuwa sawa na watoto ambao hawajawahi kusikia Kichina kabisa. Sauti zilikuwa zile zile! Kilichokosekana ni mtu anayemtazama mtoto machoni, anayeshika kitu na kukitaja, anayenyamaza mtoto akitoa sauti halafu anamjibu. Mtoto wa umri ule hajifunzi lugha kutoka kwenye skrini kwa sababu skrini haimjibu, kwa hiyo kama bajeti yako ya muda ni ndogo bora bibi anayeongea lugha hiyo aje kucheza naye nusu saa kuliko video za siku nzima.

Twende kwenye haraka na mbali, maana hapa ndo watu wengi wanapotea. Huu msemo kwamba watoto wanajifunza lugha haraka kuliko wakubwa, ukiupima kwa saa, hausimami. Mwaka 1978 Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle waliwafuatilia watu wanaoongea Kiingereza waliohamia Uholanzi, kuanzia watoto wa miaka 3 mpaka watu wazima, wote wanaanza Kiholanzi kutoka sifuri. Waliokwenda kwa kasi zaidi walikuwa wa miaka 12 hadi 15. Wa miaka 3 hadi 5 ndo walikuwa nyuma ya wote! Na ukifikiria vizuri inaeleweka, mkubwa anajua kusoma, anajua kwamba vitenzi vinabadilika, ana mbinu, unaweza kumwambia kanuni akaitumia leo leo. Mtoto mdogo hana hivyo vyote, anachota tone moja moja.

Lakini huyo aliye nyuma mwaka wa kwanza, mrudie baada ya miaka 15. Mwaka 1989 Jacqueline Johnson na Elissa Newport waliwapima watu 46 waliozaliwa China na Korea wakahamia Marekani wakiwa na umri kati ya miaka 3 na 39, wakawasomea sentensi za Kiingereza, nyingine sahihi nyingine zina kosa la sarufi, kazi yao ni kusema ipi ni ipi. Waliofika kabla ya miaka 7 hawakuwa na tofauti na wazaliwa wa Marekani. Baada ya hapo mpaka kwenye kubalehe alama zinashuka taratibu kadiri mtu alivyofika amekua, na kwa waliofika wakubwa ziko chini na zinatofautiana sana mtu na mtu. Halafu mwaka 2018 Joshua Hartshorne, Joshua Tenenbaum na Steven Pinker wakaja na data kubwa mno, karibu watu 670,000 waliofanya testi ya Kiingereza kwa intaneti, na kwa hesabu zao uwezo wa kujifunza sarufi unabaki mkali mpaka kama miaka 17 na miezi kadhaa, ila anayetaka kufikia kiwango cha mzaliwa anatakiwa awe ameanza kabla ya miaka 10 hivi, kwa sababu safari yenyewe ni ndefu na muda unahitajika. Wataalamu bado wanabishana mpaka huo uko wapi hasa na kama ni mpaka mkali au ni mteremko, lakini kwamba wanaoanza wadogo kwa wastani wanafika mbali zaidi hilo halina ubishi mkubwa.

Kwa nini inakuwa hivyo? Sehemu ni ubongo kama tulivyoona kwenye sauti, ila sehemu nyingine ni maisha tu, na naona watu wanaisahau. Mtoto anasikia lugha saa nyingi mno. Anaongelewa kwa sentensi fupi, anarudiwa, akikosea hakuna anayemcheka, na yeye mwenyewe hana aibu, atasema neno vibaya mara 40 mbele za watu na usingizi wake hautapungua. Mtu mzima ana kazi, ana haya, ana lugha yake ya kwanza iliyokomaa inayomvuta kila sentensi, na akienda mahali anaweza kuchagua kuongea na wanaomwelewa tu. Mtoto akitaka kucheza na wenzake hana pa kukwepea.

Na kutoka hapo unaona kwa nini kuanza mapema shuleni peke yake hakuleti muujiza. Faida ya utoto inafanya kazi pale lugha inapokuwa nyingi, kila siku, na ina matumizi. Somo la saa moja mara mbili kwa wiki ni kitu kingine. Kule Barcelona Carmen Muñoz na timu yake waliwalinganisha wanafunzi walioanza Kiingereza darasani wakiwa na miaka 8 na walioanza na miaka 11, wakawapima wakiwa wamefundishwa saa sawa, na walioanza wakubwa ndo waliokuwa mbele. Kwa hiyo ukiona mtoto wa miaka 5 kila siku anaimba rangi na namba kwa lugha ya kigeni na miaka inapita na hajavuka hapo, shida haiko kwake, saa hazijatosha na hakuna anayemhitaji aongee. Tofautisha hilo na walichofanya wazazi wa St. Lambert, nje kidogo ya Montreal, mwaka 1965: walishinikiza mpaka likaanzishwa darasa la chekechea ambalo watoto wao wa Kiingereza waliingia na kukuta mwalimu anaongea Kifaransa tu, siku nzima, kila siku. Wale watoto walipata Kifaransa kizuri sana na Kiingereza chao hakikufa, masomo mengine pia hayakuharibika, na mfumo ule ukasambaa Canada nzima.

Hofu ya kuchanganyikiwa sasa. Hii inaniuma kwa sababu imewafanya wazazi wengi kuacha kuongea na watoto wao kwa lugha wanayoijua vizuri kuliko zote. Ukweli ni kwamba mtoto anazitenganisha lugha mapema kuliko unavyodhani. Mwaka 2010 Krista Byers-Heinlein na wenzake waliwapima watoto waliozaliwa siku chache tu zilizopita, mama zao wakati wa ujauzito walikuwa wanaongea Kiingereza na Kitagalogi, lugha ya Ufilipino, wakatumia njia ya kupima mtoto ananyonya kwa nguvu gani anaposikia sauti, na wakakuta watoto wale wanavutiwa na lugha zote mbili na bado wanajua kwamba ni mbili, sio moja.

Basi kwa nini mtoto wa miaka 2 anachanganya, nusu ya sentensi huku nusu kule? Mara nyingi ni kwa sababu neno analolihitaji analijua kwa lugha moja tu. Wewe mwenyewe ukikwama na neno si unakopa? Tena wakubwa wanaojua lugha mbili vizuri wanachanganya kila siku wakiwa pamoja, na uchanganyaji wao una mpangilio, hawakati sentensi popote tu. Na akikutana na bibi anayejua lugha moja, huyo huyo mtoto anajitahidi kubaki kwenye lugha ya bibi, tena akiwa mdogo sana.

Kuhusu kuchelewa, hapa kuna kosa la kuhesabu ambalo naomba kila mzazi alijue. Ukimpima mtoto wa lugha mbili kwa lugha moja tu, msamiati wake mara nyingi utaonekana mdogo kuliko wa mwenzake wa lugha moja, ni kawaida kwa sababu saa zake za kusikiliza zimegawanyika. Ukihesabu maneno ya pande zote mbili kwa pamoja, pengo hilo linaondoka. Neno la kwanza na kuunganisha maneno mawili vinakuja kwenye umri ule ule wa kawaida. Lugha mbili hazisababishi ugonjwa wa kuchelewa kuongea, hata watoto wenye Down syndrome, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa akili na usemi, wamefuatiliwa na kuonekana wanaweza kujifunza lugha mbili kwa kiwango chao bila kuumizwa na ile ya pili. Kwa hiyo mtoto wa lugha mbili akichelewa kweli kweli, yaani kwenye zote mbili, asiambiwe "ni lugha tu zimemchanganya, atazoea", apelekwe akapimwe masikio na usemi kama mtoto mwingine yeyote. Kisingizio cha lugha mbili kinapoteza miezi ambayo angeshaanza kusaidiwa.

Haya, akili. Historia ya swali hili inafundisha. Mwaka 1923 kule Wales, Uingereza, mtafiti D. J. Saer aliripoti kwamba watoto wa lugha mbili vijijini walipata alama za chini kwenye testi za akili, na kwa miaka mingi wataalamu waliimba wimbo huo kwamba lugha mbili ni mzigo, ingawa kwenye data zake mwenyewe tofauti hiyo mijini haikuonekana. Watafiti wengi wa enzi zile walikuwa wanalinganisha maskini na wenye nacho, au wanampima mtoto kwa lugha asiyoizoea, halafu matokeo wanayabandika kwenye lugha mbili. Mwaka 1962 Elizabeth Peal na Wallace Lambert walichukua watoto wa miaka 10 wa Montreal, wakajitahidi kulinganisha hali za nyumbani, na picha ikageuka, wa lugha mbili wakawa mbele. Baadaye Ellen Bialystok wa Toronto akaja na hoja kwamba mtu wa lugha mbili kila akiongea anaizuia lugha moja ili nyingine ipite, na zoezi hilo la kila siku linaimarisha uwezo wa kuzuia usumbufu na kuhama kazi moja kwenda nyingine. Magazeti yalipenda sana hiyo.

Tatizo ni kwamba wengine walipojaribu kurudia, mara wanaipata hiyo faida mara hawaipati. Mwaka 2019 Anthony Dick na wenzake walichambua data za watoto 4,524 wa Marekani wenye miaka 9 na 10, na kwenye vipimo hivyo vya kujidhibiti akili hawakuona faida ya lugha mbili. Kwa hiyo mtu akikuuzia kozi akikuahidi mtoto atakuwa jiniasi, weka pesa yako mfukoni. Mi naona hata tusingehitaji ahadi hiyo. Kujua lugha nzima, kuweza kusoma vitabu vyake na kuongea na mamilioni ya watu moja kwa moja bila mkalimani, hiyo tayari ni faida inayojitosheleza, sijui kwa nini tunataka iwe dawa ya kitu kingine.

Ila kuna mambo mawili madogo ambayo nayaamini zaidi na yananifurahisha. La kwanza, mtoto wa lugha mbili anagundua mapema kwamba neno na kitu ni vitu viwili. Mwaka 1972 Anita Ianco-Worrall aliwapima watoto wa Afrika Kusini waliokuwa wakiongea Kiafrikana na Kiingereza. Chukua mfano wa maneno yetu: ukimuuliza mtoto "kiti" kinafanana zaidi na "kito" au na "benchi", mdogo kabisa huwa anavutwa na sauti, atasema kito. Wale wa lugha mbili walianza kuchagua maana miaka kama 2 au 3 kabla ya wenzao, na walikubali kwa urahisi zaidi kwamba watu wakipatana wanaweza kukiita kitu kwa jina la kingine. Wanajua kwa sababu wameona nyumbani, baba anaita hivi mama anaita vile na kitu ni kile kile. Kujua hivyo kunamsaidia mtoto akianza kusoma, maana kusoma kunataka uliangalie neno lenyewe na sio kitu peke yake.

La pili ni kumwelewa mwenzako anaona nini. Mwaka 2015 Samantha Fan, Katherine Kinzler na wenzao walimkalisha mtoto wa miaka 4 hadi 6 mbele ya kabati la viboksi lenye magari matatu ya kuchezea, kubwa, la kati na dogo, huku mtu mzima amekaa upande wa pili na lile dogo kabisa kwake limezibwa. Mtu mzima anasema, nisogezee gari dogo. Analomaanisha ni la kati, kwa sababu ndo dogo katika anayoyaona yeye. Watoto wa lugha moja walikosea mara nyingi, wa lugha mbili walipatia zaidi, na kilichoshangaza ni kwamba hata watoto ambao wenyewe wanaongea lugha moja ila wanasikia nyingine mara kwa mara kwa watu wanaowazunguka nao walipatia sawa na wa lugha mbili. Nadhani ni kwa sababu mtoto anayekaa kwenye lugha mbili kila siku anajiuliza huyu anaelewa nini, yule haelewi nini, hili nimwambie nani kwa ipi.

Nisiache jambo moja ambalo wanaosifia lugha ya pili huwa wanaliruka, nalo ni ile ya kwanza. Mtoto anaweza kupata ya pili na kupoteza ya kwanza, tena kwa kasi ya ajabu. Mtoto akiingia shule ya lugha mpya ndani ya miaka kama 2 anaongea vizuri uwanjani na mwalimu anadhani yuko sawa, lakini Jim Cummins alionyesha kwamba lugha ya masomo, ya kueleza sababu na kuandika insha, inachukua kama miaka 5 hadi 7 mpaka awe sawa na wenzake. Katikati hapo mzazi akiacha lugha ya nyumbani ili "amsaidie", mtoto anabaki na lugha mbili changa na hana moja ya kufikiria kwa kina. Anachokijua kwa lugha ya kwanza, kusoma, kuhesabu, kusimulia, anahama nacho kwenda ya pili, kwa hiyo msimulie hadithi na umsomee kwa lugha unayoimudu wewe, hata kama ya shuleni ni nyingine.

Kuna watu ambao lugha yao ya kwanza ilikatwa ghafla, watoto wa Korea waliochukuliwa kulelewa na familia za Ufaransa wakiwa na miaka kati ya 3 na 8. Mwaka 2003 Christophe Pallier na wenzake waliwapima wakiwa watu wazima, wakawasikilizisha Kikorea, na hawakukitambua, hata picha za ubongo hazikuonyesha tofauti kati yao na Wafaransa wa kawaida. Mtoto wa miaka 8, anayeongea lugha kamili, na yote ikaondoka. Lakini mwaka 2017 Jiyoun Choi, Mirjam Broersma na Anne Cutler walienda kwa Wakorea waliolelewa Uholanzi, wakawafundisha sauti za Kikorea pamoja na Waholanzi wasiowahi kukisikia, na wale waliozaliwa Korea wakazitamka vizuri kuliko wenzao baada ya mazoezi. Wengine kati yao walikuwa wameondoka Korea kabla ya kufikisha miezi 6, hawajawahi kusema neno lolote la Kikorea maishani mwao, na bado kitu fulani kilichosikika kwenye ile miezi ya mwanzo kilikuwa kimekaa kinasubiri.